Maji Yanaporudi Nyuma

*Katika mkutano wetu wa Jumamosi kwa wageni wapya hapa Iowa, mwenzetu mmoja anayetunza mitambo ya kituo cha kuosha magari alizungumza juu ya kazi yake. Ameomba tusitaje jina lake wala la kituo. Tumeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, tukipunguza machache tu.*

 

Nimeambiwa niseme juu ya kazi. Waliozungumza hapa kabla yangu walieleza namna ya kutafuta kazi. Mimi nitasema juu ya namna ya kuilinda ukishaipata, na nitatumia mfano mmoja tu: kifaa kidogo cha chuma, urefu wake kama kidole gumba, ambacho nusura kinifukuzishe kazi yangu ya kwanza Marekani. Najua kati yenu wapo wanaofanya kazi kwenye vituo vya kuosha magari, na wengine mtafika huko, maana ni kazi inayopokea watu wasiojua Kiingereza kingi. Kwa hiyo nitaeleza kifundi, hatua kwa hatua. Asiye fundi anivumilie kidogo, mwishoni na yeye atapata lake.

Kituo kinavyofanya kazi

Kituo chetu ni cha kujihudumia. Hakuna vijana wenye ndoo na matambara kama kule kwetu. Mwenye gari anaingia bandani, anaweka sarafu au kadi, anazungusha kitufe na kuchagua: sabuni ya kulowekea, dawa ya rimu, brashi ya povu, suuza, nta, na mwisho yale maji yaliyochujwa yasiyoacha madoa. Saa inahesabu dakika zake. Sabuni ikichelewa nusu dakika, mteja amelipia hewa.

Nyuma ya mabanda kuna chumba cha mitambo. Pampu kubwa ya kila banda inasukuma maji kwa presha ya pauni 1,000 hadi 1,200 kwa inchi ya mraba. Ili mpate picha, tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 na kitu. Kando ya pampu hizo kubwa zipo pampu ndogo za dawa, na presha yake haifiki hata pauni 100. Sasa sikilizeni vizuri. Mara nyingi maji ya presha kubwa na dawa ya presha ndogo hutokea kwenye bunduki ya maji ile ile moja. Njia zao zinakutana. Kitu gani kinawazuia wale wenye nguvu wasiwarudishe wanyonge walikotoka? Ni hicho kifaa changu: valvu ya njia moja.

Kila aliyewahi kuziba pancha ya baiskeli anaijua. Kwenye baiskeli zetu za zamani, ukifungua valvu unakuta kampira kembamba kamevishwa kwenye kachuma. Ukipampu, upepo unakainua kampira unapita. Ukiacha, upepo wa ndani unakabana, hauwezi kutoka. Kampira kakichanika utapampu mpaka jioni na tairi litalala. Ya kituoni ni kitu hicho hicho, ila imetengenezwa kwa shaba au chuma kisichoshika kutu. Ndani ina goroli au kofia ndogo, springi ya kuisukuma, na pete ya mpira tunayoiita oringi. Nje imechorwa mshale unaoonyesha maji yanakotakiwa kwenda. Kwenye katoni huandikwa *check valve*, na kazini sisi tunasema chekivalvu. Shikeni neno hilo. Ukilitamka hata bila sentensi, bosi ataelewa unakotaka kufika.

Pipa lililoisha kwa siku 12

Nilianza kazi mwezi wa kumi na moja, mwaka 2017. Zile siku 90 za mwanzo za kusaidiwa zilikuwa zimekwisha. Kodi ya nyumba ilikuwa juu yangu, watoto wanne, na mke wangu alikuwa bado hajapata kazi. Mimi nilikuwa nikifagia mabanda, kumwaga takataka na kutazama mapipa ya dawa. Chumba cha mitambo niliambiwa niingie, nitazame, nitoke.

Wiki ya tatu nikakuta tangi la sabuni ya kulowekea limefurika. Sakafu nzima maji meupemeupe. Nikapiga deki, nikanyamaza. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile. Wateja wakaanza kulalamika kwamba sabuni ni nyepesi, haitoi uchafu. Nikachota dawa kwenye pipa kwa kopo, nikaimimina tangini iwe nzito. Nilidhani nafanya vizuri. Pipa lililozoea kukaa mwezi mzima likaisha kwa siku 12.

Meneja akaniita. Hakusema mimi ni mwizi. Aliuliza dawa imekwenda wapi. Aliuliza mara mbili, na mara ya pili alitazama begi langu. Mtu aliyekaa kambini anaujua mtazamo ule. Maneno nilikuwa nayo, kwa Kiswahili, kwa Kibembe, hata kwa Kifaransa kidogo. Kwa Kiingereza nilikuwa na "yes" na "sorry". Nikasema "sorry". Nikamwona usoni kwamba amepokea neno lile kama mtu aliyekiri kosa. Akanipa wiki moja, tuone.

Usiku ule sikulala. Kambini Nyarugusu nilikuwa fundi baiskeli kwa miaka mingi, na fundi baiskeli hutafuta upepo unapotokea kabla hajashika kiraka. Nikajiuliza: haya maji yanayofurika yanaingia kwa mlango upi?

Asubuhi nikafika kabla ya wateja. Tangi lina boya, likijaa boya linafunga maji. Nikaliinua boya kwa mkono, maji yakakata. Boya ni zima. Basi maji yanapita kwingine, na tangi lile lilikuwa na njia nyingine moja tu, ile ya kutokea sabuni.

Nikachukua maka peni, nikachora mstari kwenye ukuta wa tangi pale maji yalipofika. Nikaenda banda la kwanza, nikaweka sarafu za majaribio, nikawasha suuza dakika mbili. Nikarudi kutazama: maji yako kwenye mstari. Banda la pili, kwenye mstari. La tatu, kwenye mstari. Banda la nne, maji yamepanda juu ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Nikautazama mpira wa plastiki unaopeleka sabuni banda la nne, ule unaoonyesha ndani. Mapovu yalikuwa yakitembea kinyumenyume kuelekea tangini.

Nikatoa simu nikapiga video ya sekunde 20: mpira, mapovu, namba ya banda, mstari kwenye tangi. Meneja alipokuja nikamwonyesha, nikatamka neno nililolisoma kwenye katoni rafuni: chekivalvu. Aliitazama video mara mbili. Hakuniomba radhi, na mimi sikungoja. Alikwenda kuchukua spana.

Ndani ya valvu ya banda la nne tulikuta kipande cha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, kidogo kuliko ukucha, kimekwama chini ya goroli kama mwiba wa samaki kooni. Goroli haikuweza kukaa mahali pake. Kila mteja wa banda la nne alipowasha suuza, maji ya presha yaliisukuma sabuni ikarudi nyuma mpaka tangini. Na kwa kuwa maji hayo yaliliweka boya juu muda wote, kifaa kinachovuta dawa mpya, ambacho hufanya kazi boya likishuka, hakikuvuta chochote. Ndiyo maana sabuni ilikuwa nyepesi. Na mimi na kopo langu nilikuwa nikimimina dawa ya pesa nyingi kwenye tangi linalofurika sakafuni.

Ukiona hivi, tazama hapa

Tangu siku hiyo nimekutana na valvu hizi mahali pengi kituoni. Kila moja ikifa ina dalili yake.

*Tangi linafurika, au dawa imekuwa nyepesi ghafla.* Hiyo ndiyo hadithi yangu. Kwanza jaribu boya. Boya likiwa zima, chora mstari na ujaribu banda moja moja. Msijaribu mawili kwa pamoja kwa kutaka kuokoa muda, mtarudi mwanzo.

*Mteja anachagua sabuni, sabuni inachelewa.* Hapa tazama chini ya pipa, kwenye ncha ya mpira unaonyonya dawa. Pale kuna valvu ndogo yenye chujio. Mnaikumbuka pampu ya mkono ya kijijini, ile ambayo asubuhi unapampu mara 20 kabla maji hayajaja? Maji yalishuka usiku kwa sababu valvu ya chini inavuja. Hapa ni vilevile. Zima pampu ya dawa, utazame mpira. Dawa ikishuka taratibu kurudi pipani, valvu ya chini haishiki. Mara nyingi ni uchafu tu, ioshe kwa maji ya vuguvugu. Lakini ukiona mapovu yanaanzia katikati ya mpira, valvu haina kosa. Mpira umepasuka hapo unavuta hewa. Kata kipande kibovu uunge upya.

*Mpira wa presha unarukaruka mkononi, na sindano ya geji inatetemeka.* Hizo ni valvu za ndani ya pampu kubwa. Pampu zetu zina pistoni tatu, na kila pistoni ina valvu ya kuingizia maji na ya kutolea, jumla sita. Moja ikichoka, pampu inachechemea kama mtu mwenye kiatu kimoja. Lakini msikimbilie kufungua pampu. Presha ikiwa ndogo lakini imetulia, bila kurukaruka, tazama kwanza nozeli iliyolika, chujio lililoziba, mkanda uliolegea. Nozeli ni ya bei ndogo na inabadilishwa kwa dakika chache.

*Povu la brashi limekuwa majimaji.* Povu ni sabuni iliyochanganywa na upepo wa kompresa, na njia ya upepo nayo ina valvu yake. Ikishindwa, sabuni inapanda kwenye njia ya upepo. Ukiukuta mrija wa upepo umelowa, tazama hayo maji. Maji matupu yanaweza kuwa mvuke wa kompresa uliopoa. Yakiwa na povu, yametoka upande wa sabuni, na valvu ndiyo ya kushukiwa.

*Maji ya mwisho yanaacha madoa.* Kama mashine ya kuchuja ni nzima, huenda valvu ya njia hiyo inaruhusu maji ya kawaida au sabuni kuingia kwenye maji yaliyochujwa. Siku maji yakiwa mazuri, pima kwa kile kipimo cha chumvi na uandike namba ukutani. Siku ya malalamiko utakuwa na cha kulinganisha.

*Na sasa majira ya baridi.* Maji huganda kwenye nyuzi sifuri, ambazo hapa wanaziita 32. Usiku kituo huachia maji kidogo yadondoke kwenye kila bunduki ili mipira isigande. Maji hayo yanatoka kwenye bomba moja linalogawanyika kwenda mabanda yote, na kila tawi lina valvu ya njia moja. Valvu ya banda moja ikifa, mteja akiwasha pale, maji ya presha yanakimbilia kwenye bomba la pamoja. Banda lake linapoteza nguvu, na bunduki za mabanda yasiyo na mtu zinatema maji. Hapa wengi hukosea, wanafungua valvu za mabanda yanayotema. Valvu mbovu ni ya banda lililowashwa. Zile nyingine zinapitisha maji kuelekea upande wa mshale wake, zinafanya kazi yake. Na valvu ikikwama ikiwa imefungwa, bunduki ya banda hilo haidondoshi kabisa, na asubuhi utaukuta mpira ni fimbo ya barafu. Ndiyo maana kila jioni kabla ya kuondoka nazunguka na tochi, natazama kila bunduki inadondosha.

Kufungua na kurudisha

Usifungue bila ruhusa. Ukipewa ruhusa, funga banda na uweke kibao. Zima umeme kwenye swichi kuu, weka kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe, si mezani. Funga maji. Halafu bonyeza kifyatuzi cha bunduki mpaka kitu kisitoke tena, kwa sababu presha hubaki ndani ya mpira hata pampu ikizimwa. Vaa miwani ya kujikinga na glavu.

Piga picha kabla ya kugusa, mshale uonekane. Tumia spana mbili, moja ishike na nyingine izungushe, la sivyo utakivunja kiungo cha mbele yake. Ukishaifungua, tazama kwa utulivu: kuna mchanga? Magamba ya chokaa? Springi imekatika? Goroli ina mkwaruzo? Oringi imevimba au imekauka? Kila jibu lina maana yake. Mchanga unakuambia chujio halifanyi kazi. Oringi iliyovimba inakuambia haipatani na dawa inayopita humo.

Na jambo hili nawasihi: usiipulize kwa mdomo. Wengi wetu tumezoea kunyonya petroli kwa mpira. Hapa ndani kumepita dawa zinazoyeyusha uchafu wa breki. Ioshe kwa maji safi, sukuma goroli kwa kijiti cha mbao uone inarudi yenyewe, kisha pitisha maji ya bombani upande wa mshale, halafu upande wa pili. Upande wa pili lisipite hata tone. Likipita, badilisha.

Unapobadilisha, chukua inayofanana kwa mambo manne: ukubwa wa uzi, presha inayostahimili, chuma chake, na aina ya oringi. Oringi nyingi zinafanana kwa macho lakini tabia zao ni tofauti. Aina ya EPDM huvimba ikikutana na mafuta, na baadhi ya nta zina mafuta. Aina ya Viton huvumilia mafuta, lakini sabuni kali za alkali huweza kuila. Soma katoni, au muulize anayewaletea dawa. Ukivingirisha tepu, ziache wazi nyuzi mbili za mwanzo ili kipande kisikatikie ndani. Sasa mnajua nilijifunza wapi hilo.

Ukimaliza, chora mstari mpya na ujaribu upya. Kazi haijaisha mpaka mstari ukae mahali pake.

Usivyogusa

Maji ya kituo yanaingia kutoka bomba la mji. Pale yanapoingia kuna kifaa kikubwa cha kuzuia maji yetu ya sabuni yasirudi kwenye bomba la mji, ambalo watu wanalinywa. Kinafanana na valvu zetu na kinavutia kukifungua. Usikiguse. Hicho hupimwa na mtu mwenye leseni. Kikidondosha maji, mwambie meneja siku hiyo hiyo. Na usinywe maji ya mpira wowote kwenye chumba cha mitambo.

Usitafute tundu la mpira wa presha kwa kupitisha mkono. Mchirizi mwembamba wa maji ya presha ile unatoboa ngozi na kuingiza maji na dawa ndani ya nyama. Kidonda huonekana kama alama ya sindano, hakitoi hata damu nyingi, na mtu anasema nitapumzika kitapona. Ndugu zangu, hiyo ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni maji ya presha.

Na baadhi ya dawa za rimu zina asidi ya haidrofloriki. Hiyo hupenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa kuja huku inakula ndani. Kila dawa ina karatasi yake ya usalama, na mwajiri lazima akuwekee mahali unapoweza kuisoma. Sheria ya nchi hii inamtaka pia akufundishe hatari za dawa hizo kwa lugha unayoielewa. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Dawa ikikuingia, piga 911, au kituo cha sumu, 1-800-222-1222, usiku na mchana, bure. Kama kazini unalazimishwa kufanya jambo la hatari, OSHA ni 1-800-321-6742. Ukipiga, sema "Swahili", wakutafutie mkalimani.

Siku ya kwanza, si ya kumi na mbili

Nimalizie na yule asiye fundi. Mnadhani kosa langu lilikuwa nini? Valvu sikuiharibu mimi. Kosa langu lilikuwa kupiga deki na kunyamaza siku 12. Nilijiambia mimi mgeni, nikisema kitu kimeharibika watasema nimeharibu mimi. Kwetu tumefundishwa kutomsumbua mkubwa kwa maneno madogo. Hapa mkubwa asipoambiwa anahesabu kwamba hujaona, au umeona ukaficha. Siku ya kwanza ilikuwa dimbwi la maji. Siku ya 12 ilikuwa pipa zima la dawa na begi langu kutazamwa.

Kwa hiyo, uwe hotelini, kwenye kiwanda cha nyama au unatunza wazee, ukiona kitu si cha kawaida piga picha siku hiyo, ikiwa kazini picha zinaruhusiwa. Kama haziruhusiwi, andika saa, mahali na ulichokiona, hata kwa Kiswahili. Mwonyeshe msimamizi. Kidole na picha vinatosha kuanza mazungumzo, Kiingereza kitafuata. Na usiseme "sorry" kwa jambo ambalo hujalifanya.



Maswali

*Kijana mmoja aliuliza: Kazi hii inahitaji cheti?*

Mimi niliajiriwa bila cheti, nikajifunzia pale pale. Kufungua umeme na kile kifaa cha bomba la mji ni kwa wenye leseni. Mengine ni macho, mpangilio na daftari. Andika kila valvu uliyobadilisha, banda gani, tarehe gani. Ile ya banda la nne imo kwenye ukurasa wangu wa kwanza.

*Mama mmoja aliuliza: Yule meneja, mambo yenu yaliishaje?*

Mama, hakuwahi kuitaja tena habari ya pipa. Ila Ijumaa ya wiki ile alinipa ufunguo wa kabati la vipuri, akaniambia nihesabu valvu zilizobaki nimwandikie ngapi za kuagiza. Zilikuwa mbili. Nikaandika sita. Aliagiza sita.